Ndege ndogo inapoanguka ikikaribia kutua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lamu na Malindi

Kila ndege ndogo inapoanguka, iwe Kwale, iwe Bukoba, iwe Ngazija, mazungumzo ya barazani huku kwetu hayabadiliki. Anayesubiri mgeni gatini anauliza, mwenye tiketi ya kesho anauliza, na mama aliye na mwana Nairobi anauliza kwa sauti ya chini. Nimeyaandika maswali hayo kama yanavyosemwa, kuanzia mepesi hadi yale ambayo huulizwa na waliofiwa tu. Ukiwa umefiwa, usisome tangu mwanzo; nenda swali la 9, kisha la 16 na kuendelea.

## Ya mwanzo

1. "Kukaribia kutua" ni wakati gani hasa?

Ni dakika chache za mwisho, ndege ikishuka kuelekea uwanja mpaka magurudumu yaguse lami. Mteremko wa kawaida ni wa digrii 3 hivi. Kwa mteremko huo, ndege iliyobakiza kilomita 1 kufika inapotua huwa kama mita 50 tu juu ya ardhi. Ndiyo maana ukiwa mashuani baina ya Lamu na Manda, kisiwa chenye uwanja wetu wa ndege, unaiona kana kwamba itagusa mikoko. Haijapotea njia. Pale ndipo inapotakiwa kuwa.

2. Kwa nini ajali nyingi hutokea wakati huo?

Takwimu za Boeing kuhusu ndege za jeti zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba hatua ya mwisho ya kushuka na kutua huchukua takriban asilimia 4 ya muda wa safari, lakini hubeba karibu nusu ya ajali zenye vifo. Sababu si moja. Ndege iko chini, mwendo umepunguzwa, na rubani ana mambo mengi kwa wakati mmoja: upepo, mwendo, kimo, redio, ndege nyingine, hali ya uwanja. Kosa lililofanyika mita 3,000 angani lina nafasi ya kurekebishwa. Likifanyika mita 50 juu ya mikoko, halina.

Kenya tunaukumbuka mfano mchungu. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya Jeshi la Wanahewa, Harbin Y-12, ilikuwa ikiwapeleka viongozi Marsabit kwa shughuli ya amani. Ilianguka ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Watu 14 kati ya 17 walikufa, mbunge Bonaya Godana akiwa mmoja wao.

Hata hivyo, si kila ajali ni ya kutua. Ndege iliyoanguka Kwale tarehe 28 Oktoba 2025 na kuua watu 11 ilikuwa ndiyo kwanza imeondoka Diani kuelekea Maasai Mara. Watu huzichanganya ajali hizi mbili katika mazungumzo, kisha hoja ya moja wakaitia kwenye nyingine.

3. Ndege ndogo ni hatari kuliko kubwa?

Ndiyo, kwa wastani ajali za ndege ndogo ni nyingi zaidi kuliko za ndege kubwa za mashirika. Sitaki kumficha mtu jambo hilo. Ndege ndogo hutua viwanja vifupi, mara nyingi rubani hutegemea macho yake kuliko vyombo, hutikiswa zaidi na upepo, na nyingine zina injini moja na rubani mmoja.

Lakini udogo peke yake hauangushi ndege. Cessna Caravan, ambayo wengi wetu tumeipanda bila kujua jina lake (ile yenye bawa juu ya madirisha na injini moja puani), imekuwa ikiruka tangu miaka ya 1980 na hutumika duniani kote kwa sababu inastahimili viwanja vigumu. Kinachotofautisha safari moja na nyingine ni matengenezo, uzoefu wa rubani, hali ya hewa, na kama kuna mtu aliyediriki kusema "leo haturuki".

## Yanayotokea angani

4. Ndege inawezaje kuanguka na injini inafanya kazi?

Swali hili ndilo linaloleta ubishi mwingi, kwa hiyo nitalikalia.

Ndege haishikiliwi angani na injini. Inashikiliwa na bawa, na bawa linahitaji upepo upite juu yake kwa pembe inayofaa. Rubani akiinua pua kupita kiasi huku mwendo ukipungua, upepo huacha kulifuata bawa na bawa hupoteza nguvu ya kubeba. Mabaharia wetu wanalijua jambo hili kwa mikono yao: ukilibana tanga mno, chombo hulegea na kupoteza mwendo ingawa upepo upo tele. Tofauti ni kwamba jahazi likilegea linabaki majini. Ndege ikilegea inadondoka, na ili ipone lazima pua ishushwe na mwendo urudi, jambo linalohitaji kimo.

Hatari huongezeka kwenye kona ya mwisho, ndege inapogeuka ili ielekee uwanjani. Ikilala upande kwa digrii 60 huku ikidumisha kimo chake, mzigo juu ya mabawa huwa mara 2, na mwendo wa chini kabisa unaoiweka hewani hupanda kwa asilimia 41. Rubani aliyepitiliza kona na kutaka kuirudia kwa nguvu anaweza kuvuka kikomo cha bawa lake bila kukusudia.

Ndugu zetu wa Komoro wanalijua hili kwa msiba. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Juni 2009, ndege ya Yemenia aina ya Airbus A310 ilianguka baharini ikizunguka kujiandaa kutua Ngazija. Waliokuwamo walikuwa 153, akaokoka msichana mmoja wa miaka 12 aliyeshikilia kipande cha mabaki kwa saa nyingi majini. Ile haikuwa ndege ndogo, lakini wachunguzi waliikuta sababu hii hii: uendeshaji usiofaa wakati wa mzunguko ule, hadi mabawa yakaacha kubeba.

5. Kusi na kaskazi vinaathiri kutua?

Vinaathiri. Ndege hupenda kutua ikiukabili upepo, kwa kuwa hivyo hugusa ardhi kwa mwendo mdogo zaidi. Kwa hiyo msimu ukibadilika, upande wa kutua nao hubadilika mara nyingi. Upepo wa ubavuni ndio wenye kazi: rubani huja na pua imeelekea upande, kama nahodha anayeelekeza chombo juu ya bandari ili mkondo umshushe penyewe. Abiria aliye dirishani huona ndege inakwenda upandeupande na kuanza kusoma dua. Dua ni njema, lakini ndege iko sawa.

Mvua ya masika ni jambo jingine. Inaweza kuufunika uwanja kwa dakika chache kisha ikapita. Jibu sahihi hapo huwa ni kusubiri au kwenda uwanja mwingine.

6. Tulikuwa karibu kugusa lami, ghafla rubani akapaa tena. Kulikuwa na tatizo?

Rubani alighairi kutua, na kughairi ni sehemu ya kazi yake. Marubani hufundishwa kwamba wakifika kimo fulani, ambacho kwa mchana wenye anga safi mara nyingi ni futi 500, yaani mita 150 hivi, ndege iwe imetulia: mwendo sawa, mteremko sawa, imenyooka na uwanja. Isipotulia, wasijaribu kuisahihisha chini kule. Wapae, wazunguke, waanze upya. Pengine kuna punda uwanjani, pengine ndege ya mbele haijatoka, pengine upepo umegeuka.

Hapa nina ombi kwa wasafiri wenzangu. Nimewasikia watu wakishuka Manda wakimnung'unikia rubani kwa kuwachelewesha dakika kumi, au wakimsifu yule wa wiki iliyopita "aliyeingia tu hivyo hivyo na mvua". Maneno hayo humfikia rubani, na humfikia mwajiri wake. Shinikizo la kufika limo katika ajali nyingi za ndege ndogo. Akikuzungusha au akakurudisha Mombasa, mwambie ahsante.

7. Mbona hupimwa mimi mwenyewe pamoja na mkoba?

Kwa sababu katika ndege ya abiria kumi na kitu, watu wawili wanene waliokaa nyuma na katoni ya samaki wanatosha kuhamisha uzito. Uzito ukizidi nyuma, pua huinuka kwa urahisi na ndege hukaribia hatari iliyoelezwa katika swali la 4. Ndiyo sababu ya kikomo cha mizigo, mara nyingi kilo 15, na ya kuhamishwa viti. Usifiche kilo kwenye mkoba wa mkononi.

## Saa za kwanza

8. Habari imefika kwenye simu yangu na picha zake. Niipeleke?

Usiipeleke. Mara nyingi picha ya kwanza huwa ya ajali nyingine ya zamani, na orodha ya kwanza ya majina huwa na makosa: aliyekata tiketi hakusafiri, aliyesafiri jina lake limeandikwa vingine. Kuna watu ambao wamejua msiba wao kupitia picha ya mwili. Mke, mama na watoto wana haki ya kuambiwa na mtu aliyekaa mbele yao.

Ukiwa na video uliyoipiga mwenyewe ndege ikianguka, usiifute wala usiikate. Iweke kama ilivyo na uwape wachunguzi au polisi. Sauti ya injini peke yake inaweza kuwaeleza mengi.

9. Ndugu yangu alikuwa ndani. Nianzie wapi?

Anza na shirika la ndege lenyewe, kwa sababu ndilo lenye orodha halisi ya waliopanda. Watatoa nambari ya simu ya jamaa. Chagueni mtu mmoja wa familia awe ndiye anayeongea nao. Mkipiga watu kumi mtapata majibu kumi. Msalaba Mwekundu wa Kenya, nambari 1199, husaidia kutafuta jamaa na kukaa na wafiwa. Kama ajali ni ya Lamu, majeruhi huvushwa kwa boti kutoka Manda na wengi hupelekwa Hospitali ya King Fahd. Msijazane gatini, boti za wagonjwa zinahitaji nafasi.

Msikubali kwamba mtu amekufa, wala kwamba amepona, kwa neno la mtu ambaye hakumwona. Saa hizo ni ndefu kuliko zote. Najua.

10. Ndege ikiangukia majini hapa kwetu, nani atafika kwanza?

Wavuvi na manahodha wa boti, bila shaka. Ndivyo ilivyokuwa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua. Kati ya watu 43, 19 walikufa na 24 wakaokoka, na waliowafikia mwanzo walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, kijana Majaliwa Jackson akiwa mmoja wao.

Kwa mwenye boti: njoo polepole kwa upande, kaa mbali na mafuta yaliyomwagika, usivute sigara, na waokoe walio juu ya maji kabla ya kushughulikia mlango.

Kwa abiria: jaketi la kuokolea lisijazwe hewa ukiwa ndani ya ndege. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopia iliyotekwa iliishiwa mafuta na kuanguka pwani ya Ngazija. Kati ya watu 175, 125 walikufa. Baadhi walinusurika pigo lenyewe wakazama kwa sababu majaketi yaliyojaa yaliwabana darini huku maji yakipanda. Toka kwanza, ndipo uvute kamba.

11. Nimeokota kipande cha ndege kwenye wavu wangu. Nifanye nini?

Kipande hicho ni ushahidi. Kisioshwe, kisinyooshwe, kisiuzwe kwa chuma chakavu. Andika mahali na saa ulipokipata, kama una simu yenye ramani piga picha ya mahali hapo, kisha kipeleke polisi au kwa maofisa wa uwanja wa ndege. Ukikuta mabaki nchi kavu usiyasogeze, isipokuwa kwa kumtoa mtu.

## Uchunguzi

12. Nani anachunguza?

Kenya kuna idara ya serikali ya uchunguzi wa ajali za ndege, chini ya wizara inayosimamia uchukuzi. Si ile Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ambayo hutoa leseni na kusimamia kanuni, wala si Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Nchi iliyotengeneza ndege nayo hualikwa: Marekani kwa Cessna, Ufaransa kwa ATR, kama ile ya Bukoba. Ukiona wageni wenye vizibao uwanjani, hawakuja kulinda kampuni zao. Kanuni za kimataifa ndizo zinazowapa nafasi.

13. Ripoti itatoka lini?

Kwa kanuni za kimataifa, ripoti ya awali hutolewa ndani ya siku 30. Hiyo hueleza nini kilionekana, mara nyingi bila kutaja sababu. Ripoti ya mwisho inatakiwa ndani ya miezi 12 ikiwezekana, na ikichelewa, taarifa ya hali ya uchunguzi itolewe kila mwaka.

Mara nyingi huchelewa. Ripoti ya ajali ya Ngazija ya mwaka 2009 ilitoka 2013. Mahakama ya Paris ilitoa hukumu ya kulitia hatiani shirika la Yemenia Septemba 2022, miaka 13 baadaye. Kwa hiyo mtu anayekwambia sababu ya ajali jioni ile ile, hata awe na sauti ya hakika namna gani, hana alichokijua. Nawasihi hasa wale wanaomtupia lawama rubani aliyekufa. Ana mke na watoto, nao wanasikia.

14. Si kuna kisanduku cheusi? Wakisikilize tu.

Kwanza, rangi yake ni ya machungwa ili kionekane. Pili, ndege ndogo nyingi hazina. Kanuni za kimataifa hulenga hasa ndege zenye uzito wa zaidi ya kilo 5,700, na Caravan iliyojaa haifiki hata kilo 4,100. Wachunguzi hubaki na mabaki, simu za abiria, mazungumzo ya redio, rada kama ilifika, na mashahidi. Ndiyo maana video yako (swali la 8) na kipande chako (swali la 11) vina thamani kuliko unavyodhani.

15. Mbona ripoti haisemi nani alaumiwe?

Kwa sababu imekusudiwa kuzuia ajali nyingine, na watu husema kweli zaidi wasipoogopa kufungwa. Lawama na fidia ni kazi ya mahakama.

## Wafiwa

16. Sisi tunazika upesi. Kwa nini hatupewi maiti?

Nimeliona swali hili likizua hasira mochari, na hasira ile naielewa. Lakini kifo cha ajali ya ndege lazima kichunguzwe na daktari, na kama kulikuwa na moto, uso na nguo havitoshi kumtambua mtu. Hutumika alama za vidole, meno, au vinasaba, ambapo ndugu wa damu, hasa mzazi au mtoto, hutolewa ute wa mdomoni. Mpeleke mapema anayefaa kutoa, na mpeleke kumbukumbu za daktari wa meno kama zipo.

Haraka hapa ina hatari yake: kumzika mtu wa wenzenu na kuwaachia wao wenu. Kuchelewa kunakolazimishwa na hali hakuhesabiwi kwenu, na mashekhe wetu wamekuwa wakiwatuliza watu kwa maneno hayo hayo. Wengi huwakumbusha pia hadithi inayowahesabu aliyezama na aliyeungua miongoni mwa mashahidi.

17. Fidia ikoje?

Kwa safari ya kimataifa hutumika Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya imo. Tangu tarehe 28 Desemba 2024, hasara iliyothibitishwa hadi vipimo 151,880 vya fedha maalumu ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) hulipwa bila familia kuhitaji kuthibitisha uzembe wa shirika. Kipimo kimoja huzidi dola 1 ya Marekani. Si kwamba kila familia hupewa kiasi hicho. Mnathibitisha marehemu alikuwa akiwatunza vipi. Kesi lazima ifunguliwe ndani ya miaka 2.

Angalieni tiketi kwa makini. Aliyetoka Dubai kwa tiketi moja inayoishia Lamu alikuwa kwenye safari ya kimataifa, hata kama ajali ilitokea kipande cha Nairobi na Lamu. Aliyetoka Nairobi tu huangukia sheria za Kenya, ambazo humpa haki mume, mke, wazazi na watoto.

Msitie saini karatasi yoyote matangani. Anayekuja na kalamu kabla ya siku ya tatu, mpokeeni kwa kahawa na mmwambie arudi mkiwa na wakili.

18. Aliyekufa hakuwa abiria, ndege ilimwangukia.

Malindi wanalijua. Tarehe 10 Januari 2025 ndege ya mafunzo ilianguka Kwachocha, kando ya barabara kuu ya Mombasa, ikaua watu watatu waliokuwa chini, huku waliokuwamo wakiokoka. Watu wa namna hii hawamo katika mkataba wa swali la 17. Madai yao huelekezwa kwa mwenye ndege na bima yake chini ya sheria za Kenya. Wekeni hati ya polisi, risiti za hospitali, na ushahidi wa kazi ya marehemu. Mwendesha bodaboda hana hati ya mshahara, lakini chama chake na wateja wake wanaweza kueleza alichokuwa akipata.

19. Mwili haukupatikana. Eda na mirathi itakuwaje?

Ile miaka 7 inayotajwa na sheria ya Kenya ni ya mtu aliyepotea bila habari yoyote. Abiria aliyethibitika kupanda ndege iliyoangamia ni jambo jingine: ushahidi wa orodha, kamera za uwanja na ripoti ya wachunguzi unaweza kupelekwa mahakamani mapema. Kwa Waislamu, mirathi huamuliwa na kadhi. Eda ya mjane ni miezi 4 na siku 10, nayo huhesabiwa tangu siku ya kifo. Kifo kinapokuwa hakijathibitishwa, mwulizeni kadhi kabla ya kuanza kuhesabu, msimwachie mjane akisie peke yake. Wako mashekhe wanaoongoza sala ya ghaibu, yaani sala ya maiti asiyekuwapo, na msikiti wenu utawaelekeza.

20. Vitu vya marehemu vitarudi?

Vingi hurudi, baada ya wachunguzi kumaliza navyo. Ulizeni kabla kama vimeoshwa, kwani wengine hutaka kanga ibaki na harufu yake na wengine hawawezi kuikabili. Mnaweza kuomba mvipokee kidogokidogo, au vikae kwanza mpaka mtakapokuwa tayari. Simu msiiwashe, inaweza kuwa na picha za dakika za mwisho, na mwenye kuamua nani azitazame ni familia, si fundi wa simu.